Tahasusi Niliyokuchagulia

Kasulo, Ngara
Jumapili, alasiri

Mwanangu Evarist,

Barua ya kawaida ingeanza kwa kukuuliza hali, halafu ningekuambia kwamba sisi huku ni wazima. Hali yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi na kiazi mdomoni, unakwenda kumuaga bibi yako, na umeacha mlango wazi kuku wakaingia hadi chini ya meza ninayoandikia. Sisi ni wazima. Mama yako anapiga pasi mashati yako meupe kwa mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza nilipiga mimi.

Mambo ya ndoo, shuka, chandarua na kufuli la sanduku ameshakueleza yeye, na akishaeleza mama yako hakuna mtu anayehitaji kurudia. Mimi nataka tuongee habari za masomo. Usicheke. Najua mimi ndiye baba ambaye ukileta ripoti naangalia umekuwa wa ngapi, nasema "haya," halafu naikunja naiweka kwenye kabati. Leo nina jambo la kukuambia juu ya masomo yako ambalo hulijui, na litakukasirisha. Nalisema mapema usije ukasoma kurasa zote hizi ukidhani nakupa nasaha.

Jambo lenyewe ni hili. Ile fomu ya kujiunga na kidato cha tano, uliijaza hapa hapa mezani. Chaguo la kwanza uliandika CBA, yaani Kemia, Baiolojia na Kilimo. Chaguo la pili ukaandika PCB, ambamo Fizikia inachukua nafasi ya Kilimo. Nikaipeleka mimi shuleni kwa mapadre, Biharamulo, kwa kuwa wewe ulikuwa na malaria. Niliporudi nikakuambia CBA imejaa, kwa hiyo mapadre wamekuweka PCB.

CBA haikujaa, Evarist. Mwalimu wa taaluma alikuwa ameshatia alama ya vema kwenye chaguo lako la kwanza. Aliniambia vijana wanaoiomba ni wachache, na kwamba amefurahi kumpata mmoja anayetoka kwenye migomba. Mimi nikamwambia, "Mwalimu, nyumbani tumebadilisha mawazo. Mwandike PCB."

Akaniuliza, "Kijana mwenyewe amekubali?"

"Amekubali."

Akapiga mstari kwa kalamu nyekundu, nikatia sahihi pembeni. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai.

Nilipokueleza kwamba nafasi zimejaa, ulisema, "Sawa, baba." Ungebisha ningepata nafuu, maana kubishana mimi nakuweza. Badala yake ulichukua ule mti wako wenye panda ukaenda shambani na homa yako, nikakuona kupitia dirishani ukivunja maua dume ya migomba, yale yanayovuta wadudu wa ugonjwa, mgomba mmoja baada ya mwingine, bila kuruka hata mmoja. Niliona aibu. Lakini aibu ile nikaipa jina jingine, nikasema ni huruma ya mzazi, nikaenda zangu kulala.

Sababu ya kwanza niliyojipa unaweza kuikisia. Matokeo yako ya kidato cha nne yalipotoka, nilitangaza kwenye jumuiya kwamba nyumba yetu inapata daktari. Hakuna aliyeniuliza. Watu walikuwa wanasali novena, nami nikasimama wakati wa matangazo nikasema. Tangu siku ile wakinikuta njiani wananiita Baba Daktari, nami naitikia. Ningewezaje kurudi kuwaambia kwamba mwanangu amekwenda kwa mapadre kusomea jembe?

Hayo maneno, kusomea jembe, si yangu. Ni ya babu yako. Siku aliyonipeleka sekondari alinishika bega akasema, "Nimekutoa kwenye jembe. Usinirudie nalo." Nami nilimrudia nalo, kama unavyoona. Lakini miaka minne ile nilisoma nikiwa nimeyabeba maneno yake kichwani, na yaliniharibia zaidi ya uvivu.

Shule yangu nayo ilikuwa ya mapadre, ya wavulana watupu, upande huu huu wa Kagera. Ratiba yake bado naikumbuka. Asubuhi misa, halafu Hisabati wakati akili bado ni mpya, halafu Fizikia na Kemia. Jumanne na Alhamisi Kilatini, ambacho tulikiimba bila kujua tunaimba nini. Jioni, jua likishapungua ukali, Kilimo. Kilimo kilifundishwa na Bruda mmoja mfupi, mwenye viatu vya mpira vilivyojaa udongo mwaka mzima. Tulimdharau. Padre wa Fizikia aliingia darasani na suti nyeusi tukasimama wima. Bruda akiingia, wengine walikuwa wanamalizia kuchapana kwa rula.

Siku moja Bruda alitufundisha namna magonjwa ya mimea yanavyosafiri. Aliandika ubaoni kwa Kiingereza, nasi tukanakili. Wiki iliyofuata akatupa jaribio, swali likiwa: taja njia ambazo ugonjwa hutumia kutoka shamba moja hadi jingine. Nikaandika zote. Wadudu, maji, vifaa visivyosafishwa, miche iliyochukuliwa kwenye shina lenye ugonjwa. Nikapata tisa juu ya kumi. Hata ile moja iliyobaki nilikatwa kwa ajili ya mwandiko.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipopotea. Nilipokuwa naandika yale majibu, sikufikiria mgomba hata mmoja. Migomba ilikuwa nyumbani, na nyumbani tunaongea Kihangaza. Ukiwa sokoni unaongea Kiswahili, kwenye mtihani ni Kiingereza, na kwangu hizo zilikuwa nchi tatu zisizotembeleana. Ile mimea ya ubaoni niliiona kama mimea ya wenyewe huko, ya watu walioandika vitabu. Nikamaliza jaribio, nikafunga daftari, na yale maneno yakabaki humo ndani. Ningekuambia sikusoma, ungenisamehe upesi. Nilisoma, nikafaulu, na haikunisaidia kitu.

Nakuja kwenye habari ya shangazi yako.

Unajua Shangazi Leokadia aliolewa Nyabusozi, kwa wale Wasukuma waliohama kutoka Shinyanga na ng'ombe wao. Shemeji yangu ni mtu mwema, lakini kwao chakula ni ugali na maziwa, na shangazi yako alilia ndizi kama mtoto anayeachishwa ziwa. Wewe ulikuwa hujaanza shule alipokuja hapa kuomba miche. Unafahamu kwetu ilivyo, ndugu yako akianzisha mji wake, migomba yake ya kwanza hutoka kwenye shamba mlilozaliwa. Hainunuliwi, na haichukuliwi kwa jirani. Mimi ndiye niliyebaki kwenye mji wa baba, kwa hiyo ilikuwa heshima yangu kuitoa.

Wiki ile kulikuwa na migomba mitatu kule bondeni ambayo majani yake yalikuwa yananyauka na kuwa ya njano. Nikasema ni jua. Asubuhi nikaikata ili shamba lipendeze machoni pa mgeni. Mchana, kwa panga lile lile, nikamkatia shangazi yako miche yake. Nilimchagulia minene. Baadhi niliitoa jirani kabisa na ile iliyonyauka, kwa kuwa huko ndiko udongo ulikuwa mzuri. Nikaifunga kwa majani makavu, nikampakilia kwenye gari, na nikajiona kaka kweli kweli.

Mwaka haukuisha, shamba letu la bondeni likaisha. Ndizi zilikuwa zinaiva kabla ya kukomaa, ukizipasua ndani ni kahawia na zinanuka. Akaja bibi shamba, binti mdogo tu, akakata shina mbele yangu, akaniambia nisubiri. Tukasubiri. Pale alipokata pakaanza kutoka majimaji mazito ya njano, kama usaha. Akaniambia, "Baba, huu ni mnyauko. Unaenda kwa panga na kwa miche. Kuna mtu umempa miche kutoka hapa?"

Nikasema hapana.

Nilisema hapana, Evarist, na wakati nasema, niliuona ubao wa Bruda na maneno yote manne juu yake. Baada ya miaka yote ile ndipo yalipotoka kwenye daftari. Lakini yalitoka yamechelewa, na mimi badala ya kumshukuru Bruda nikamwona kama ananisuta.

Kule Nyabusozi migomba ya shangazi yako ilikuwa imeshaanza kufa. Angekuwa amejua, angeng'oa michache akaokoa mingine. Hakujua. Alichokijua ni kwamba mama mkwe wake hakupenda ile migomba tangu ilipoingia. Yule bibi alitaka pale pabaki malisho, na alikuwa akisema wazi kila siku. Basi shangazi yako akaamini kwamba bibi anamwaga majivu ya moto mashinani. Waliacha kuongea. Mkwe mzima anampita mama mkwe uani bila shikamoo, fikiria, na bibi naye kimya. Shemeji akaja mpaka hapa kuniomba nikaongee na dada yangu.

"Shemeji," aliniambia, "mama yangu ana maneno mengi, lakini si mtu wa kuchoma mti wa mtu."

Nilikwenda. Nilikaa sebuleni kwao, nikanywa maziwa yao, nikawaambia wanawake wale wavumiliane. Hayo ndiyo niliyosema! Ukweli wote ulikuwa umo kwenye kifua changu, nami nikawahubiria uvumilivu. Mwisho yule bibi alichoka, akarudi Shinyanga kwa mwanawe mwingine, na huko ndiko alikozikwa. Shangazi yako alikwenda kwenye mazishi. Aliporudi aliniambia kwamba hakulia. Mpaka leo anaamini ni yule bibi.

Sasa unajua jambo ambalo hata mama yako alikuwa halijui mpaka mwezi uliopita.

Na sasa nikuambie sababu ya pili ya kubadilisha fomu yako, ile ya kweli, maana ya Baba Daktari ni ya juu juu tu.

Ulipokuwa kidato cha tatu ulirudi likizo na ile habari ya kupitisha panga motoni kabla ya kuhama kutoka shina moja kwenda jingine. Nilikucheka. Nikakuita fundi wa kuchoma mishikaki. Ukaendelea tu. Ukachora shamba lote kwenye karatasi, kila mgomba na namba yake, ukawa unaandika upi umetoa ua na upi unanyauka. Nilikuwa najifanya sioni, lakini niliona. Wewe ulifanya lile nililoshindwa. Ulichukua kitu cha ubaoni ukakileta nyumbani kwa miguu yako, ukakiingiza shambani, na bibi yako ukamweleza kwa Kihangaza mpaka akaelewa. Nilikuonea fahari, na sikukuambia. Nakuambia leo.

Halafu jioni moja, tunakula, ukauliza, "Baba, kule Nyabusozi migomba ilikuwa michache na hakuna jirani aliyekuwa nayo. Ugonjwa uliingiaje?"

Nikasema, "Kula."

Ukasema, "Nauliza tu, baba. Maana lazima uliingia na miche."

Nikakufokea. Nilisema mtoto akikaa na wakubwa anakula, hafanyi mahojiano. Mama yako akaniangalia. Wewe ukainamisha kichwa, na nadhani ulifikiri nimechoka tu.

Mwaka mmoja baadaye ukaandika CBA, ya kwanza. Nikajua kitakachofuata. Utakwenda shule iliyo saa moja kutoka kwa shangazi yako. Jumapili za ruhusa utakuwa unakwenda kula kwake. Utakuwa na kitabu kinachoeleza mnyauko ukurasa mzima, na kichwa ambacho hakiachi swali mpaka kipate jibu. Niliogopa ungenijua. Ndiyo maana nikakupeleka kwenye Fizikia. Nilikutoa kwenye somo unalolipenda ili nifiche panga langu.

Sina namna ya kulisema hilo likasikika vizuri.

Mwezi uliopita mama yako alikuta nakala ya fomu yako kutoka shuleni, ile wanayomrudishia mzazi, ikiwa na mstari mwekundu na sahihi yangu. Nilikuwa nimeikunja kwenye mfuko wa koti la kanisani, mtu na akili zangu, kana kwamba si yeye anayefua koti hilo. Hakupiga kelele. Aliniuliza sababu, nikamweleza yote, hadi habari ya panga na miche. Alisema, "Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?" Nikamwambia nipe muda. Akanipa mpaka leo, na tangu asubuhi anapita pita hapa mezani kuangalia nimefika ukurasa wa ngapi.

Basi, masomo. PCB si adhabu, na sitaki uone hivyo. Ukibaki nayo unaweza kuwa daktari mzuri, kwa kuwa unatazama kitu kwa muda mrefu kabla ya kusema. Ukienda CBA, vijana wa Fizikia watawacheka, na wataita darasa lenu shamba la shule. Tulikuwa tunafanya hivyo hivyo. Hisabati ndogo ile wanayoiita BAM utaisoma upande wowote, huna pa kuikimbilia. Chura wa maabara utampasua upande wowote. Tofauti ni moja tu, nayo unaijua kuliko mimi.

Kitu kimoja nakuomba kutoka kwenye makosa yangu, na sisemi tena. Ukifundishwa jambo lolote pale, hata liwe la ajabu namna gani, jiulize Kasulo lingekaa wapi. Lisipopata pa kukaa, mfuate mwalimu umuulize. Mimi nilipata tisa juu ya kumi na nikaua shamba la dada yangu.

Jumamosi ijayo napanda gari kwenda Nyabusozi kumwambia Shangazi Leokadia mwenyewe, mbele ya mumewe, maana aliyesingiziwa alikuwa mama yake. Sijui watanipokea vipi. Inawezekana dada yangu asinipe hata maji, na atakuwa na haki. Ninachokuomba ni kimoja, usinitangulie. Akija kukuona shuleni kabla ya Jumamosi, mwamkie, pokea alichokuletea, na jambo hili niachie. Baada ya hapo ukitaka kumweleza zaidi kuhusu ugonjwa wenyewe, mweleze, wewe unaujua vizuri.

Wewe pia ukitaka kukaa kimya nami kwa muda, kaa. Usipige simu kwa sababu mama yako amekulazimisha. Nitaumia, sitakuficha, lakini nitangoja.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya mwalimu wa taaluma. Aliniambia siku ile kwamba mwanafunzi anaweza kuhama tahasusi mpaka mwisho wa wiki ya pili, mzazi akiandika. Nimeandika. Nimemweleza kwamba nilimdanganya, kwamba hukukubali kwa sababu hukuulizwa, na kwamba namuomba radhi yeye na wewe. Ilipofika mahali pa kutaja tahasusi, nilianza kuandika CBA. Nilishaandika herufi ya kwanza. Nikasimamisha kalamu, kwa kuwa nilijisikia vizuri mno, kama mtu aliyekwisha kusamehewa, na nikaona ndio nakuchagulia kwa mara ya pili.

Nimeichana ile karatasi, nikaandika upya. Mahali pa tahasusi pako wazi, sahihi yangu iko chini. Jaza wewe.

Baba yako